Vidole vya Mpiga Pasi

Fuensanta, fundi cherehani, alimjua msichana wa ng'ambo ya mtaa kwa vifundo vya vidole. Mpiga pasi yule hakuweza kukunja shati bila kugonga meza, na kabla ya shati la tatu sauti ilishatoka, nzito, ya mikwaruzo, kubwa kuliko kifua chake. Alikuwa ameimba jukwaani mara mbili tu, na tayari kundi moja la muziki la jiji la Sevilla lilikuwa limemwita. Kisha baba yake akafa. Mama akaifunika redio kwa kitambaa cheusi: mwaka mzima wa msiba, nyumba haiimbi. Kundi likaondoka bila yeye. Vidole viliendelea kugonga, ila sasa juu ya taulo, mama asisikie.

Ijumaa Kuu mchana wakapita wabebaji wa sanamu ya Bikira Maria, ambao baba yake aliwahi kuwa mmoja wao. Dirisha la mpiga pasi likafunguka. Akagonga chuma cha roshani mara moja, akamwimbia Bikira. Wabebaji wakasimama.

"Hee! Baba hana hata miezi minne kaburini!" jirani akamnong'oneza Fuensanta. "Huyu hana haya?"

"Nyamaza, shoga. Hiyo ni sala."

Msichana akazidi kuinamia mtaani mpaka visigino vikaacha sakafu. Mkono wa mama ukatokea nyuma yake, ukaikamata sketi nyeusi.

"Umeona? Anamvuta ndani."

Mama hakuvuta. Aliishikilia tu sketi kwa nguvu zake zote, mwanawe asianguke, mpaka wimbo ukaisha.