Buni za Darasa la Tano

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilipohama kutoka Tanga kuja kufundisha upande wa Kaisho, nilikuja na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na Darasa la Tano wakaipata yote. Baada ya miezi saba wazazi wakafika ofisini kulalamika kwamba watoto wananiota usiku. Mkuu wa shule, mzee mpole asiyepandisha sauti hata akifukuza mbuzi kwenye maua, akaniambia wazi: lalamiko moja tena, darasa anampa mwingine, mimi nikapange vitabu stoo. Akanishauri nijaribu kucheka nao.

Yaani mimi niambiwe nicheke! Lakini niliwapenda wale watoto kuliko nilivyojua kuonyesha, na kuwapoteza kungeniuma kweli. Basi nikajikaza. Jumatatu nikatoa kichekesho changu cha kwanza, cha mchwa aliyekula daftari la hesabu akavimbiwa. Darasa zima likanitumbulia macho. Mmoja akanyoosha mkono akauliza kama hiyo itatoka kwenye mtihani.

Jumatano, nikiwa kwenye kujumlisha robo na theluthi, namwona msichana wa dawati la nyuma taya linafanya kazi. Huyu ndiye aliyekuwa kiranja wa vurugu zote. Akikohoa, darasa zima linakohoa. Na mlangoni nilikuwa nimebandika karatasi kwa mwandiko wangu mwenyewe: MARUFUKU KUTAFUNA DARASANI. Nikamwita mbele, aje na cha mdomoni na cha mkononi.

Akaja taratibu. Akapiga magoti, akanyoosha mikono miwili, na juu ya kipande cha jani kavu la mgomba kulikuwa na buni za kahawa zilizochemshwa zikakaushwa, zile ambazo nyumba za huku humpa mgeni atafune kabla hajaulizwa hata kilichomleta. Desturi hiyo nilikuwa nimeiona kwa wengine tu. Mimi nani angenipa, na mdomo huu?

Nikajua ananidhihaki. Damu ikanipanda, maneno yakafika kwenye meno.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Tangu uje, hatujakukaribisha."

Jamani. Miezi saba. Alikuwa anajiokoa, mjanja yule, hilo halikujificha. Lakini alichosema kilikuwa kweli, na kiliniingia. Nikachukua tatu, nikatia mdomoni. Kahawa ya kwetu naijua, lakini uchungu ule, wallahi, uso ulijikunja wenyewe. Darasa likaangua kicheko ambacho mchwa wangu hakupata hata robo yake, na mimi nikacheka mpaka nikashikilia ubao.

Kicheko kikamleta mkuu. Akasimama mlangoni, akaisoma karatasi yangu, kisha akalitazama shavu langu.

"Mwalimu, unatafuna nini?"

Nikaliona darasa linakwenda, nikaiona stoo na vumbi lake. Nikalichukua lile jani kwa msichana, nikapiga magoti mbele ya wanafunzi wangu wote, nikanyoosha mikono miwili.

"Karibu, mkuu."

Mzee akachagua buni mbili, akazitia mdomoni, akaenda kukaa dawati la nyuma, magoti yakimkaribia kidevu. Akatafuna kidogo.

"Endelea na darasa lako, mwalimu."

Aliposema "lako" machozi yalinilengalenga, nikataka kumshukuru, lakini mdomo ulikuwa umejaa buni.