Bawa Moja Ndani ya Pakiti

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa Aprili, saa sita mchana, jua limetoka kali baada ya mvua ya asubuhi, nilipowaona kumbikumbi wakitoka kwenye kichuguu ambacho hakuna mtu aliyekipigia vijiti. Mwanangu, kaa kwanza. Chupa yako ya asali ninayo hapa mezani, lebo yake nimeisoma mara tatu, na ni nzuri kweli. Nitaizungumzia mwisho. Vijana wa siku hizi mnataka jibu kabla ya salamu, lakini leo utanivumilia.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Kakamega mjini. Tulipewa kazi kama hii yako. Kila mmoja achague chakula cha kwao, akibunie pakiti, alete pakiti kumi na mbili kwenye maonyesho ya Ijumaa. Atakayeshinda angepelekwa kufanya mazoezi ya kazi katika kiwanda cha kupakia vyakula, na mazoezi hayo mara nyingi yaligeuka ajira. Niliitaka nafasi hiyo kwa roho yangu yote. Nyumbani kwetu Musanda tulikuwa watu wa miwa, na nilikuwa nimeona miwa ilivyomzeesha baba.

Mwalimu wetu, Mwalimu Wekesa, alikuwa mtu wa maneno machache na vumbi la chaki kwenye kola. Alituambia pakiti lazima iseme mambo manne: jina la chakula, uzito wake, siku kilipopakiwa na mahali kilipotoka. Kisha akaongeza, "Hayo matatu ya kwanza mtu anaweza kuyahakikisha. La nne ni neno lako tu." Sisi tuliandika kwenye daftari bila kusikia.

Wenzangu walichagua njugu na viazi vitamu. Mimi, kwa kujiona mjanja, nikachagua kumbikumbi, wale tunaowaita chiswa. Hakuna mtu aliyewahi kuwapakia vizuri. Walikuwa wakiuzwa kwa vikombe kando ya barabara, vumbi na mabawa pamoja. Nikaona nitawawekea nyumba ya karatasi ya khaki, yenye dirisha la nailoni mbele ili mnunuzi aone anachonunua.

Nikaenda kwa nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Kukhu, kwa sababu shamba lake lilikuwa na vichuguu vitatu katikati ya miwa. Unajua jinsi chiswa wanavyotolewa. Unalaza gogo kando ya kichuguu, unaligonga kwa vijiti polepole kama matone, na wao huko chini wakidhani mvua imenyesha wanatoka. Niligonga siku mbili. Mikono ilitoa malengelenge. Vichuguu vyote vitatu vilikaa kimya, hata mchwa wa kawaida sikumwona.

Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumatano, Kukhu alienda Mumias kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikabaki peke yangu nyumbani. Ndipo nikasikia mlio nyuma ya jiko, mlio mdogo mkavu, kama mtu anayekunjua karatasi. Nikazunguka nione.

Nyuma ya jiko, karibu na migomba, kulikuwa na kichuguu cha nne. Hicho hatukukihesabu, na hakuna aliyekigusa. Kilikuwa kimeota juu ya kaburi la mtoto wa kwanza wa Kukhu, msichana wa miaka sita aliyechukuliwa na surua. Wakati huo makaburi ya kwetu hayakuwa na simenti, yalikuwa udongo tu, na udongo huo mchwa walikuwa wameuinua mwaka baada ya mwaka mpaka ukafika kifuani mwa mtu mzima. Kukhu hakukubali ubomolewe. Kila kumbikumbi walipotoka hapo, aliwafungia kuku ndani ili wasidonoe hata mmoja, akawaacha waruke wote waende zao. Sikuwahi kumwuliza kwa nini. Nilijua tu. Kila mtoto wa boma lile alijua.

Msichana huyo aliitwa Nafula. Mimi nilipewa jina lake.

Siku hiyo kuku walikuwa nje, na Kukhu hayupo wa kuwafungia. Mwanangu, wewe umewaona kuku na kumbikumbi, hupigana mpaka manyoya yanaruka. Kuku tisa wale walisimama mbali, wamepanga mstari, shingo zimenyooka, wanatazama. Hakuna aliyedonoa. Kumbikumbi walimiminika wanene, wanang'aa, na hawakuruka. Walitembea. Walitembea kuelekea miguu yangu.

Ningeondoka. Hata sasa mwili wangu unaniambia ningeondoka. Lakini nilifikiria Ijumaa, nikafikiria mikono ya baba, nikaenda kuchukua karai. Niliwachota kwa viganja viwili, karai likajaa, nikawakaanga bila mafuta, nikawaanika juani. Nilipowapepeta kwa uteo upepo ulikuwepo, migomba ilikuwa ikiyumba, lakini mabawa hayakwenda na upepo. Yalinirudia. Yalinishika kwenye nywele na shingoni, nikawa nayabandua moja moja kama mtu anayejitoa magamba ya samaki. Nilifagia kila kitu. Kukhu aliporudi alinikuta nimeoga, nimefunga mzigo, nikamwambia kichuguu cha kwenye miwa hatimaye kimekubali. Alifurahi akanishika mashavu.

Alhamisi chuoni nilitengeneza pakiti zangu. Nilizikunja zikasimama imara, nikaziba midomo yake kwa pasi ya moto. Kwenye lebo nikaandika jina kwa herufi kubwa: NAFULA. Niliona litapendeza, jina langu mwenyewe, jina la mtoto wa msimu wa mvua, na chiswa ni chakula cha mvua. Nikaandika uzito na siku. Nilipofika kwenye mahali kilipotoka, kalamu ilisimama. Kisha nikaandika: Shamba la miwa, Musanda. Shamba lenyewe lilikuwa la Kukhu, na hata kaburi lilikuwa ndani ya shamba hilo hilo. Nikajiambia si uongo mkubwa.

Ijumaa asubuhi, Rispa, msichana niliyelala naye chumba kimoja, alinyanyua pakiti moja kutoka kwenye rafu, akaitazama dirishani.

"Wewe Nafula, si ulisema umetoa mabawa yote?"

"Yote."

"Na hii ni nini?"

Ndani ya dirisha la nailoni, limejibana hapo kama mkono wa mtu anayechungulia, kulikuwa na bawa moja. Nikatazama pakiti ya pili. Bawa moja. Ya tatu vilevile. Zote kumi na mbili, mwanangu, bawa moja moja, mahali pale pale, na midomo imezibwa kama nilivyoiacha. Nilizifungua zote, nikayatoa, nikaziba upya. Rispa alinisaidia kuyahesabu na kuyatupa nje, yalikuwa kumi na mawili. Tulipomaliza kuvaa na kurudi kwenye rafu, yalikuwa yamerudi. Rispa alichukua mkoba wake akatoka mbele yangu. Nikazipeleka maonyeshoni hivyo hivyo, nikazipanga mezani madirisha yakielekea ukutani. Waamuzi walizigeuza, wakaona bawa, wakasema ni ubunifu mzuri, linaonyesha chakula ni cha asili. Nikatabasamu.

Wazazi walikuwa wamealikwa. Sikumtarajia Kukhu, kwa sababu safari ilikuwa ndefu na magoti yake yalikuwa mabaya. Nilimwona mlangoni mwa ukumbi, amevaa gauni lake la Krismasi, anauliza watu, "Nafula wangu ako wapi?" Alipofika mezani kwangu alipeana mkono na waamuzi wote kama bi harusi. Kisha akachukua pakiti. Kukhu alisoma kidogo tu, kwa kufuata kidole. Nilikiona kidole hicho kikipita juu ya herufi.

"Na-fu-la," akasoma. Akanitazama, macho yamejaa maji. "Umeandika jina ya mtoto wangu."

"Ni jina langu pia, Kukhu."

"Ndiyo. Ni vizuri." Kidole kikashuka. "Sha-mba la mi-wa. Hii ndiyo ile ulitoa kwa miwa?"

Mwalimu Wekesa alikuwa amesimama hapo. Waamuzi walikuwa na kalamu mikononi. Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa wazi mbele yangu, pana kama mlango wa kanisa, na nilikuwa na muda wa kutosha. Nikameza mate.

"Ndiyo, Kukhu. Kwa miwa."

Akaifungua. Akala. Mimi nilisimama nikimwangalia Kukhu akitafuna polepole, meno yake machache yakifanya kazi, akisema ni tamu, ina ladha ya nyumbani. Alikula mpaka akagonga pakiti kiganjani kupata wa mwisho. Lile bawa likamwangukia kwenye mkono, akalitazama kitambo, akalifunga kwenye kona ya leso yake. Ukumbi mzima ulikuwa na kelele lakini nakwambia mimi nilikuwa nikisikia ule mlio mdogo mkavu, kutoka kwenye pakiti zote zilizobaki.

Nilishinda. Kazi ninayofanya mpaka leo, ofisi hii ulimonikuta, ilianzia kwenye pakiti hiyo.

Baada ya wiki moja Kukhu aliniita. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, mbele ya kichuguu. Kwenye udongo wa chini palikuwa bado na alama ya duara, alama ya kitako cha karai langu. Mvua ya wiki nzima haikuwa imeifuta. Kuku walikuwa wamefungiwa ndani ingawa hakuna kumbikumbi aliyetoka.

Nilianza kulia kabla hajasema. Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali.

"Mimi sijakasirika juu ya mdudu," akasema. "Mdudu ni mdudu, anatembeanga popote. Ungekuja uniambie, Kukhu nimekosea, tungemwita mchungaji, tungeomba, ingeisha. Lakini mimi nilikuuliza. Nilisoma na kidole yangu, halafu nikakuuliza tena na mdomo. Nikaamini, kwa sababu ni wewe uliandika." Akaigusa ile alama ya karai kwa kidole. "Nafula, umenilisha mtoto wangu."

Nilipiga magoti hapo kwenye udongo, nikaomba msamaha, na alinisamehe. Aliniwekea mkono kichwani, na mkono ulikuwa wa upendo, siwezi kusema vinginevyo. Mchungaji alikuja, maombi yakafanywa, na usiku ule nililala bila kusikia ule mlio wa karatasi kwa mara ya kwanza tangu maonyesho.

Lakini tangu siku hiyo Kukhu hakuwahi kula kitu kutoka mkononi mwangu bila kuuliza. Nikimletea mkate, nikimletea sukari, hata nikimchumia mboga mbele ya macho yake, ataishika, ataniangalia usoni, atauliza, "Hii imetoka wapi?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa. Wajukuu wengine walimlisha akafungua mdomo tu. Mimi niliulizwa. Siku yake ya mwisho nilimpelekea uji, hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa, na bado midomo yake ilitengeneza swali lile. Nikamwambia, "Mtama wa shamba letu, Kukhu. Nimeusaga mwenyewe." Akanitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akanywa vijiko viwili. Nimepewa tuzo nyingi katika kazi hii, mwanangu, na hakuna niliyoililia kama vijiko vile viwili.

Sasa tuje kwenye chupa yako. Lebo inasema Asali ya Msitu wa Kakamega. Umechora mti vizuri na nyuki wake wanapendeza. Lakini wiki jana, ukicheka, uliniambia asali yenyewe ulinunua kutoka kwa mtu wa lori, na kwamba hata yeye hakujua imetoka wapi. Unataka niweke sahihi yangu ili kesho uipeleke kwa waamuzi.

Leo asubuhi niliinua chupa hii dirishani. Tuko Januari, vumbi tupu, hakuna kumbikumbi anayeruka mwezi huu. Njoo karibu, usiogope. Tazama hapo, upande wa ndani wa kioo, juu kidogo ya mti uliouchora. Hilo si bawa la nyuki. Bawa la nyuki nalijua, na hili pia nalijua.

Kwa hiyo sitaweka sahihi, na ninakushauri hivi, kama mtu aliyelipa karo yake zamani. Pakiti nzuri ni ya kumhudumia anayekula, na anayekula hajui lolote ila ulichomwandikia. Amekukabidhi mdomo wake na wa watoto wake. Andika pale chakula kilipotoka kweli, hata kama ni mahali pasipopendeza. Kama hujui, nenda ukaulize mpaka ujue. Na kama unajua lakini unaona haya kuandika, basi hicho chakula usikipakie kabisa. Na ukiwa umeshadanganya, sema siku hiyo hiyo, mbele ya hao hao, kabla mtu hajatia mdomoni. Baada ya hapo utasamehewa, lakini utaulizwa.

Bandua lebo hiyo, bado una siku nzima. Mungu aibariki mikono yako, akupe kazi unayoitafuta kwa njia iliyonyooka, akuzidishie watu wa kukupenda. Na siku mtu wako atakaposhika chakula chako akakuuliza kimetoka wapi, akujalie umjibu bila kumeza mate, naye ale, asikutazame mara mbili.