Hendeli Iliyonivua Kanzu Mbele ya Babake Aida

Wallahi, mashine ilinivua kanzu mbele ya baba mkwe.

Yaani, baba mkwe mtarajiwa. Baada ya pale sikujua tena nimwiteje.

Mimi ni Hussam. Karakana ya ami yangu, Abdulbasit, iko Bondeni, twachonga vipuri vya mashine za kukamua miwa. Mashine yetu ya kuchongea chuma ni kongwe. Meza yake ulikuwa ukiisogeza kwa kuzungusha hendeli, mpaka bega likulaani.

Nikaifunga mota na kompyuta. Sasa waandika amri, meza yaenda yenyewe.

Babake Aida, fundi mitambo mstaafu wa bandarini, akasema atapita Ijumaa baada ya swala. Aone huyu anayemposa bintiye ana kazi au ana mdomo tu.

"Hendeli huing'oi?" Ami akaniuliza. "Mota ikizunguka, nayo yazunguka."

"Ami, nimeisugua mpaka wajiona meno! Iache, ni pambo."

Ijumaa nikatoka msikitini na kanzu yangu ya pasi. Ovaroli? Nani aposa na ovaroli?

"Mzee, tazama. Sigusi kitu!"

Nikabonyeza. Nikaiegemea mashine kwa maringo.

Hendeli ikalishika pindo la kanzu.

Ikaanza kula.

"Zima! Zima!"

"Swichi i wapi?" Ami akapiga kelele.

Nyuma. Niliificha isiharibu sura.

Kabla hajaifikia, meza ilifika ilikoagizwa, ikasimama yenyewe. Mimi nilishachomoka kanzuni kama ndizi kwenye ganda. Fulana, na bukta ya shule yenye matundu nyuma. Joto hili, nani avaa kikoi ndani?

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Babake Aida hakunitazama kabisa. Alivua shali yake begani, akaninyoshea huku uso kaugeuza.

"Jisitiri, mwanangu."

Akaondoka. Kahawa hakuigusa.

Nikahama msikiti, nikawa naswali Kibokoni. Simu za Aida sikupokea. Ningemwambia nini?

Jioni moja Ami akarudi kutoka kwa kina Aida, Kizingo.

"Amekubali."

"Nani?"

"Babake! Asema siku ile sisi sote tulitazama bukta yako, yeye aliitazama meza. Ilisimama pale pale ulipoiandikia. Kijana ana kazi."

Nikakaa chini.

"Ila ana sharti."

"Lipi, Ami?"

"Siku ya nikahi, uvae suruali ndani."

Hendeli nimeshaing'oa. Maringo bado nayang'oa, yana kutu. Nawe unayesoma: kitu kikishakwisha kazi, usikibakize kwa kuwa chang'ara. Kitakutafuta pindo.