Majina Aliyoyataja Nyanya

Kitabu kipya hunuka gundi na wino, na hiki kilinuka hivyo hivyo nilipokifungua mezani. Mjukuu wangu Kendi, anayeniita Guka, yaani babu, alikileta kutoka mjini Meru, kitabu cha historia ya sehemu zetu hizi, kimetoka juzi tu. Mimi nilikinusa kwanza. Msicheke. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikauza viazi sokoni Gakoromone mpaka nikajenga nyumba ya mawe, na kitabu cha Kiingereza sina la kukifanyia ila kukinusa.

Harufu hiyo ilinirudisha kwa mgeni aliyekuja kwetu nikiwa na miaka tisa hivi. Alikuwa anazunguka vijijini akiandika habari za zamani, na daftari lake lilikuwa jipya, linanuka vile vile. Kimeru hakujua. Nyanya yangu naye hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Mtu wa katikati nikawa mimi, kwa sababu mwalimu alitupiga mpaka Kiswahili kikaingia.

Mgeni alikuwa na gari. Alituahidi sisi watoto kwamba akimaliza kuandika atatuzungusha mpaka darajani, jua likiwa bado liko. Na mimi, jueni, sikuwa nimewahi kupanda gari. Wenzangu walikuwa wameling'ang'ania kama kupe, wananipigia kelele: "Karani! Maliza bwana, jua linaenda!"

Aliuliza habari za wakati wa hali ya hatari, enzi za mkoloni, watu wetu walipofungiwa katika kijiji kimoja, handaki limekizunguka. Nyanya akanyoosha miguu, akaanza. Akasema juu ya njaa, juu ya kuhara, juu ya watoto waliozikwa kando ya handaki bila msalaba. Kisha akawataja. Jina la mtoto, jina la mama yake, mahali alipolazwa: chini ya mti gani, upande gani wa lango. Kila jina alikunja kidole. Vidole vikaisha, akavikunjua, akaanza upya.

"Anasema nini?" mgeni akauliza.

"Anasema watoto wengi walikufa."

"Ameongea hivyo vyote ni hilo tu? Hakumbuki majina?"

"Hakumbuki. Ni mzee, anarudia rudia."

Mgeni akaandika. Nyanya akanigeukia. "Umemwambia yote?"

"Yote, nyanya."

"Na Mutwiri wangu?" Huyo alikuwa mtoto wake mwenyewe, ndugu ya baba yangu.

"Yumo."

Gari lilikuwa tamu, siwezi kuwadanganya. Nilikaa mbele. Naye nyanya, mpaka mwisho wake, aliwaambia wanawake wenzake kanisani kwamba Mutwiri ameandikwa kitabuni. Alizikwa akiamini hivyo.

Mgeni yule naye alishakufa. Binti yake ndiye aliyeyatoa madaftari yake yakawa kitabu. Kendi alinitafutia kijiji chetu, akanitafsiria pole pole. Ni mstari mmoja na nusu. Watoto wengi walikufa, lakini wazee hawakukumbuka majina yao.

"Ni kweli, Guka? Walikuwa wamesahau?"

Nilimwambia anipikie chai.

Tangu siku hiyo nakaa na daftari, nakunja vidole kama yeye. Nampata Mutwiri. Nampata Karimi, lakini Karimi wa nani? Alilazwa wapi? Mama zao wamekwisha wote. Handaki lilifukiwa, juu yake kumepandwa miraa, na wanaoichuma ni vijana wasiojua wamekanyaga nini. Hakuna wa kuuliza.

Jambo moja nimelielewa nikiwa na mvi kichwa kizima. Siku ile nyanya aliniudhi kwa vile alisema pole pole mno. Jina, anangoja. Jina, anangoja. Nilidhani anamngojea mgeni aandike. Lakini nyanya hakumtazama mgeni hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi, aone kama yameingia.

Mimi nilikuwa naangalia gari.