Ardis na Karatasi ya Kinuni

Saa kumi na moja alfajiri, Ardis Bakkum anamsukuma kwa bega ng'ombe aliyegoma kusogea.

"Sogea bibie, mwenzio nina miaka sitini na mitatu!"

Ng'ombe anasogea. Mashine inaanza kuvuta maziwa, na mama huyu wa Wisconsin, Marekani, anacheka peke yake.

Mwaka jana hakucheka. Korona ilipofunga shule na mikahawa, maziwa yalikosa mnunuzi, akayamwaga mtaroni siku nne mfululizo. "Nililia, sikufichi," anasema. Serikali ilipotoa fidia, yeye na ng'ombe wake hamsini na wawili walipata dola elfu tisa na mia nne.

Majina ya waliolipwa yaliwekwa mtandaoni, lakini nani aangalie? Fidia ya mtu hufichua idadi ya ng'ombe wake, na huku, kumuuliza mkulima ana ng'ombe wangapi ni kumtia mkono mfukoni. Watu huulizana habari za mvua miaka arobaini, hilo wasiliguse.

Ardis akaangalia. Akakuta familia moja yenye uwezo imelipwa kwa majina sita, likiwemo la mjukuu aliyeko chuoni, ambaye hajawahi kukamua hata kikombe. Akaichapisha orodha, akaibandika kwenye kinu cha chakula cha mifugo, jina lake mwenyewe akiwa amelitia wino mwekundu.

"Nilianza na langu. Nitamvuaje mwenzangu nguo nami nimejifunika?"

Loo, pakachimbika! Delmar Fosse, jirani anayemkodishia shamba la majani, alimfuata palepale kinuni.

"Siku hizi umekuwa mpelelezi, Ardis? Bandua hilo likaratasi. Usipobandua, mwaka huu tafuta pengine pa kukata majani."

Bila shamba lile, nusu ya ng'ombe wake wangeuzwa kabla ya baridi. Hakubandua.

"Nilirudi nyumbani nikihesabu ng'ombe wa kuuza," anakiri. "Lakini zile ni pesa za umma, na umma ni sisi."

Kwa hasira akamtafuta Delmar kwenye orodha, akidhani atakuta donge nono. Jina halikuwepo. Fomu ya fidia inauliza idadi ya ng'ombe, na Delmar, ambaye kundi lake lilikuwa limepukutika, aliona bora akose kuliko kuitaja. Kwa karatasi ile, sasa kinu kizima kilijua hakuomba, na kingekisia kwa nini.

Bahati nzuri maombi yalikuwa yamefunguliwa upya. Ardis akachukua fomu, akaenda kumgongea mlango.

"Umekuja kunicheka?" Delmar akauliza.

"Nimekuja uandike, mkaidi wee! Mimi nina hamsini na wawili, na watatu wanachechemea. Haya, nimeshataja wangu."

Delmar akaketi mezani, akaichukua kalamu.

"Kumi na tisa," akasema huku akiandika. "Walikuwa themanini, Ardis."

Desemba, wakulima wa wilaya watachagua kamati inayosimamia fidia, na Ardis anagombea. Anataka orodha ibandikwe kinuni kabla ya maombi kufungwa, ili aliyeachwa ajulikane mapema, na aliyejigawa mara sita aulizwe mbele za watu.

Na majani je?

"Juni nakata palepale," anasema, akifuta mikono. "Delmar kasema nikichelewa atanikatia mwenyewe, kisha aje kinuni anitajie marobota yangu ya majani kwa sauti, moja baada ya jingine."