Wimbo Mrefu wa Jumamosi

Mume wangu alikuwa dijei, na mimi nilikuwa nakaanga chipsi nje ya ukumbi. Hivyo ndivyo tulivyokutana, na anayetafuta hadithi nzuri zaidi ya hiyo aende kwingine. Ukumbi ulikuwa hapa hapa Babati mjini, bati limechoka, madirisha yamezibwa kwa maboksi, na disko la Jumamosi lilianza saa kumi jioni ili watu wa Sigino wawahi kurudi makwao. Siku hizi pale ni ghala la mbaazi.

Vijana wa wakati ule walikuwa wamepagawa na kundi moja la roki la Wazungu. Jina la kundi siliandiki, maana nikilitaja kuna watu wataanza kunisahihisha, na mimi sina subira nao. Kanda zao zilitoka Arusha kwa basi. Zile nyimbo zao za kelele kila mtu alizijua, na waliokuwa hawajui hata neno moja la Kiingereza ndio waliopiga kelele kuliko wote. Lakini kwenye kanda hizo hizo kulikuwa na nyimbo ambazo hakuna aliyezitaka. Kwanza zile za taratibu, za bluzi, ambazo zikipigwa kijana asiye na mtu wa kucheza naye anatoka nje akijifanya anatafuta hewa. Halafu kulikuwa na wimbo mmoja mrefu, umenyooshwa mpaka unakaribia robo saa, magitaa yanakwenda na kurudi, mwimbaji kapotea, huoni mwisho wake.

Huo mrefu ulikuwa na kazi yake. Dijei alikaa kwenye mitambo tangu alasiri, peke yake, na hakuna mtu aliyemwamini kushika kanda zake. Sasa akitaka kujisaidia, au tumbo likimdai, afanyeje? Anaweka wimbo mrefu kuliko zote alizonazo, anatoka. Madijei wote walifanya hivyo. Watu walishauzoea, wakauita wimbo wa chipsi, na ukianza tu nusu ya ukumbi inamiminika nje kuja kwangu. Mimi ndani sikuingia hata siku moja. Shangazi, mwenye biashara, asingekubali, na karai la mafuta ya moto haliachwi. Wimbo wenyewe nilikuwa nausikia kupitia ukutani, dum, dum, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili.

Naye alikuwa anakuja. Anakaa kwenye kreti la soda, anakula chipsi zangu, anazikosoa. Chumvi imezidi. Viazi hivi vya lini? Mimi namwambia kama hazimfai akale spika zake. Wateja wanangoja, shangazi ananikata jicho, yeye yupo tu, anapuliza kiazi cha moto na kunitazama. Ngoma zikibadilika kule ndani anasimama na kukimbia, mdomo umejaa. Siku moja nilimuuliza, huo wimbo unahusu nini? Akasema, "Unahusu chipsi." Siku nyingine, bila mimi kuuliza, akasema, "Ule wimbo ni wako. Nauweka ili nije."

Nilimwamini, nikaolewa naye.

Disko lilikufa lenyewe, kama yalivyokufa mengi. Spika zikanunuliwa na kanisa, yeye akaenda kuuza vifaa vya umeme kwenye duka la mtu, tukajenga Nangara, tukalea watoto, tukagombana kama watu wote wanavyogombana. Kanda zilichakaa zikatupwa. Wimbo ule nyumbani hakuuweka kamwe. Lakini nikikasirika, nikinuna siku mbili nzima, yeye alikuwa anapita nyuma yangu jikoni akipiga dum, dum kwa mdomo, nami nacheka ingawa sikutaka. Masika ya mwaka jana presha ilimpanda akiwa dukani, akaletwa nyumbani na bajaji, na kesho yake tukawa tunapanga viti vya msiba.

Sitaeleza msiba. Nitasema tu kwamba watu walipokwisha kuondoka na ndoo zao na sufuria zao, nilibaki na kauli ile moja. Wajane wenzangu wana mashamba, wana picha za harusi kubwa ukutani. Sisi tulifunga ndoa bomani, tukapiga picha moja na macho yangu yamefumba. Mimi nilikuwa na hilo tu: kwamba kulikuwa na mtu aliyeweka wimbo mrefu ili aje akae na mimi. Nilikuwa nalala nalo na kuamka nalo.

Ndipo wakaja mashabiki.

Nilikuwa uani napepeta mbaazi, akaingia mwenye duka la spea za pikipiki, mtu wa asili ya Tanga aliyezaliwa hapa hapa, rafiki wa marehemu tangu enzi za disko. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatano, nikajua ana shida.

"Shemeji, habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Kaa. Kama umekuja na pole nyingine, pole zimenitosha."

Akacheka kidogo. Akaniambia kwamba wale vijana wa zamani, ambao sasa wana vitambi na dawa za sukari, wameanzisha kundi la simu. Wanakutana Jumapili baada ya ibada, nyuma ya duka lake, wanasikiliza tena zile kanda, ila sasa zipo kwenye simu na sauti yake imesafishwa. Na wamekubaliana wasisikilize nyimbo za kelele, hizo wanazijua. Wanasikiliza zile walizokuwa wanaziruka.

"Tulikuwa wajinga, shemeji," alisema. "Zile bluzi tulikuwa tunazikimbia kwa sababu hatukuwa na wasichana. Sasa tunazisikiliza, watu wazima wanatoa leso. Jamaa anaimba kama mtu anayejua atakataliwa na bado anaenda kugonga mlango."

"Mmezeeka tu."

"Tumezeeka, ndiyo. Na ule wimbo mrefu, ule wa chipsi, ndio tumeupa heshima kuliko zote. Jumapili hii tunauweka kwa ajili ya marehemu. Sisi tuliudharau, yeye peke yake aliujua. Alikuwa anauweka kila alikokwenda. Magugu aliuweka. Galapo waliupigia kelele autoe, akakataa, wakamrushia chupa za maji, akauacha ukaisha. Tunataka uwepo, shemeji. Mumeo alikuwa na sikio."

Alikuwa ananipa sifa za mume wangu, mikononi, kama mtu aliyeleta mchele. Nikamshukuru, nikamtengenezea chai. Alipoondoka nilikaa na ungo mapajani na mbaazi zikabaki vile vile mpaka jua likaondoka uani.

Galapo? Galapo mimi sikuwako. Magugu sikuwako. Aliyekuwa anakaanga chipsi Galapo si mimi. Basi kama aliuweka huko pia, aliuweka ili aende kwa nani?

Najua mtu mzima hafai kuwa na wivu na marehemu. Mimi nilikuwa nao. Nilimwonea wivu mpaka nikashindwa kula. Niliitazama ile picha yetu ya bomani nikamwambia kwa sauti, wewe baba, ulikuwa unawaambia wangapi? Jirani akauliza naongea na nani, nikamwambia ashike yake. Ningekuwa na mashamba nisingejali. Lakini nilikuwa na kauli moja, na sasa mtu wa spea alikuwa amekuja na kanzu yake kunieleza kwamba ilikuwa ya kila mtu.

Jumapili nikaenda. Nilivaa kitenge kizuri ili wasije wakasema mjane wa dijei amechakaa. Nyuma ya duka walikuwa wametandika jamvi na kupanga viti vya plastiki, watu kama kumi, wanaume kwa wanawake, na spika moja ndefu imesimama kwenye tairi la trekta. Wakanipa kiti cha mbele. Kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu sikio la marehemu. Mmoja alisema marehemu alikuwa amezaliwa mapema mno. Mwingine akasema yeye sasa anaelewa kwamba marehemu alikuwa anatufundisha. Mimi nilikuwa natikisa kichwa na moyoni nawaambia, alikuwa ana njaa, pumbavu nyie, alikuwa anakuja kula.

Wakauweka. Sikuusikia. Nilikuwa nimekaa mbele ya spika yenyewe na sikusikia kitu, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa mtu mmoja aliyekaa kwenye kona ya jamvi. Ni fundi redio, mtu wa maneno machache, ambaye zamani, dijei alipoitwa kupiga nje ya mji, walikuwa wanakwenda pamoja na mitambo kwenye pikapu. Hapa mjini hakuhitajika, lakini Magugu na Galapo yeye alikuwako. Kama kuna aliyejua, ni yeye.

Wimbo ulipoisha watu wakapiga makofi, wakaanza kubishana juu ya gitaa la besi. Mwenye spea alisema pale katikati linapobaki peke yake ni kama nyumba watu wakishatoka msibani. Mwingine akasema hapana, linasubiri. Wakashikana kweli kweli, watu wenye wajukuu. Mimi nikahama kiti nikaenda kukaa karibu na fundi.

"Shemeji," nikamwambia, "nikuulize na uniambie ukweli. Nimeshazika, hakuna kitakachoniua."

Akatazama chini. "Uliza."

"Kule Galapo, kule Magugu. Akiuweka huu wimbo, alikuwa anakwenda wapi?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri, na nikasema moyoni, haya, anatafuta uongo wa kunipa.

"Hakuwa anakwenda popote," alisema.

"Hakutoka kula?"

"Kula nilikuwa namletea mimi, hapo hapo kwenye mitambo. Wimbo huu ukianza alikuwa hataki hata kuguswa. Anakaa chini nyuma ya spika, anafumba macho, anausikiliza mpaka unaisha. Wewe ukimsemesha anakutukana. Ndiyo maana siku ile ya chupa hakuutoa. Alikuwa anasema wiki nzima anauwaza huo tu."

"Na hapa Babati?"

Fundi akanitazama kama mtu asiyejua anaulizwa nini. "Hapa si alikuwa anakuja kwako, shemeji."

Nilikuwa nimejiandaa kwa jina la mwanamke. Ningelijua la kufanya na jina la mwanamke. Ningemtukana, ningelia, ningerudi nyumbani na kuigeuza ile picha ikatazama ukuta, na pengine baada ya mwezi ningeigeuza tena. Kwa hili sikuwa na la kufanya. Huyu mtu aliupenda ule wimbo kuliko nyimbo zake zote, aliupenda mpaka akakubali kupigwa chupa, na kila Jumamosi, hapa mjini, aliuwasha na kuupa mgongo. Alitoka akaja kukaa kwenye moshi, akala viazi vilivyozidi chumvi, akasikia wimbo wake unapita ukutani dum, dum kama nilivyousikia mimi. Halafu nikamuuliza unahusu nini, akaniambia chipsi.

Angeniambia tu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo ninapoandika. Tulikaa nyumba moja miaka yote ile, tukasikiliza taarifa ya habari, tukasikiliza kwaya, tukasikiliza jenereta ya jirani, na hakuniambia hata siku moja, mama, kaa hapa, kuna kitu nataka usikie. Labda alidhani nitamcheka. Ningemcheka kwanza, halafu ningekaa.

Kule mbele walikuwa bado wanabishana. Nikasimama, nikawaambia waurudishe mwanzo. Mwenye spea akasema, shemeji, tumepanga bluzi mbili kwanza, halafu kuna soda. Nikamwambia soda zitangoja. Sikusema kwa upole. Kitenge kilikuwa kimeshalowa kifuani, na yule mama aliyekaa nyuma yangu alikuwa ameanza kunishika bega akisema basi, basi, mshukuru Mungu. Nikautoa mkono wake.

"Nataka kujua alikuwa anaacha nini," nikawaambia.

Nadhani hawakunielewa, isipokuwa fundi, ambaye alisogea akapandisha sauti kidogo. Nilifumba macho. Ulianza polepole kuliko nilivyojua, na kabla ya ngoma kulikuwa na kinanda, kidogo sana, ambacho ukuta haukuwahi kukipitisha. Nikausikiliza wote, mpaka magitaa yalipopungua na kubaki ile sauti ya spika tupu.

Ni mzuri. Ni mzuri sana, na nilifungua macho nimwambie.