Shikamoo Iliyomaliza Mikanda

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na miaka tisa, na kazi yenyewe ilikuwa kukimbia. Televisheni hatukuijua. Filamu zilifika kwetu Issuna kwa gari la sinema, Landrova yenye jenereta na shuka jeupe la kuonyeshea. Safari hii gari lilileta kamera, kutengeneza filamu ya kijiji cha ujamaa! Mwongozaji, yaani anayewaelekeza waigizaji, alinichagua kwa mbio zangu. Nilitakiwa kumpita Mzee Ntandu, jirani yetu, bila kusimama, nikipiga kelele, "Maji yametoka kisimani!"

Nikakimbia. Nilipomfikia, magoti yakajipiga yenyewe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Kata!" akafoka mwongozaji. Hiyo ndiyo amri ya kusimamisha kamera.

Tukarudia. Shikamoo. Marahaba. Kata!

"Mzee, na wewe unamjibu!"

"Sasa nimnyamazie mtoto wa watu? Mimi gogo?"

Mpiga picha akafungua sanduku. "Bosi, mkanda umebaki mmoja." Mikanda ya wakati ule haikufutika, ukiharibu, umeharibu.

"Binti akisalimia tena," mwongozaji akasema, "tunarudi Dar es Salaam bila filamu."

Kazi ile nilikuwa nimeshaipenda kuliko chakula. Nikamwendea mzee.

"Babu, nikusalimie sasa hivi, iwe ya kutwa nzima?"

Akacheka. "Haya, salimia."

"Shikamoo."

"Marahaba. Ya leo nimepokea yote. Sasa nipite kama mbuzi aliyekata kamba!"

Nikampita, vumbi likamjaa mpaka kwenye kofia!

Gari liliporudi na filamu, kijiji kizima kilikaa mbele ya shuka. Nilipompita mzee, akina mama wakaguna. "Mtoto wa nani huyo, hana adabu!" Mama yangu akainamisha kichwa. Mzee Ntandu akasimama, kivuli chake kikaziba picha.

"Alinisalimia kabla! Tulieni tuone maji!"

Shule niliiacha darasa la tano, nikalifuata gari lile. Nilibeba mikanda Manyoni, nikashika taa Tabora, na mwishowe nikawa mtayarishaji, anayekusanya watu na vifaa mpaka filamu ikamilike. Sasa nimestaafu, nipo Mwankoko, na vijana huja kuniuliza siri ya kazi. Kila asubuhi, kabla kamera haijawashwa, niliwapanga waigizaji wadogo wawasalimie wakubwa wote, salamu ya kutwa nzima. Kisha nikawaambia: haya, kimbieni!